Bwana Hakunirudishia Sauti

Bwana asifiwe! Bwana asifiwe tena! Itikieni kwa nguvu, ndugu zangu, itikieni na kwa niaba yangu, kwa sababu mimi, kama mnavyosikia, nimebaki na mnong'ono tu. Ndugu wa vyombo amenisogezea maiki mpaka inagusa meno, lakini maiki inakuza kilichopo, haiwezi kukuza kisichopo. Naomba feni izimwe hata kama kuna joto. Akina mama, watoto watulizwe. Na nyinyi mliosimama kule mlangoni, sogeeni mbele, nafasi ipo. Zamani sikuwa naomba watu wasogee. Walikuwa wanakuja wenyewe mbio, wanakanyagana.

Naitwa Bulugu. Nyumbani kwangu ni mbele ya Kayenze, kando ya ziwa, na nimefika hapa Buzuruga kwa mwaliko wa mchungaji wenu. Yule mama wa kitenge cha kijani aliyekaa benchi la kwanza ni mke wangu, Mama Kwandu. Mtamhitaji baadaye. Kabla sijaokoka nilikuwa manju. Wasukuma wenzangu mnacheka, mnajua. Lakini naona humu wamo Wahaya, Wajita, Wakerewe, basi ngoja niwaeleze. Manju ni mtunzi na mwimbishaji wa ngoma. Yeye anaanzisha, kundi linampokea.

Kazi ya manju ina majira yake kama kilimo. Mvua zikianza analima, na huku analima anatunga. Nyimbo ni mpya kila mwaka, kwa sababu ukirudia za mwaka jana hata watoto watakuzomea. Mavuno yakiingia ndani na kiangazi kikakauka, ngoma zinatoka. Na ngoma zetu hazichezwi kwa zamu! Makundi mawili, Wagika na Wagalu, yanaingia uwanja mmoja, kila moja upande wake, yanaanza wakati mmoja. Hakuna majaji wanaokaa mezani na maji ya chupa. Jaji ni miguu ya watu. Mtazamaji akichoka kwako anakimbilia kule, na jua likishuka, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mimi nilikuwa manju wa Wagalu. Upande wa Wagika alikuwa Nkwabi, mtu wa kijiji cha jirani, tuliyeshindana naye tangu ujana wetu.

Ndugu zangu, sitajifanya mnyenyekevu hapa. Nilikuwa naweza! Nikianza kuimba, akina mama wanaoanika dagaa kwenye mawe ufukweni walikuwa wanawaachia kunguru dagaa wao. Mwaka mmoja niliimba nikiwa nimesimama juu ya mgongo wa fahali, na yule fahali akatulia mpaka nikamaliza. Nikipita mnadani watu walinipisha. Nilikuwa na shamba kama wengine na ng'ombe kama wengine, lakini watu hawakuja kwangu kwa sababu ya mihogo. Mimi nilikuwa sauti. Hii miguu na mikono ilikuwa ya kuibebea tu.

Basi msimu mmoja wa kulima, nikiwa katikati ya matuta natunga, sauti ikaanza kukwaruza. Nikasema ni vumbi. Nikasema ni mafua. Nikanywa tangawizi, nikalamba asali, nikafunga shingo kwa kitambaa. Haikusafika. Mavuno yakapita, kiangazi kikaingia, nami bado nakwaruza kama mlango wa bati.

Sasa sikilizeni kosa letu. Kwetu, manju akikauka sauti hakuna anayeuliza habari za koo. Wanauliza anashindana na nani. Wakubwa wa kundi langu walikaa wakaamua kwamba Nkwabi ameichukua. Nami niliamini papo hapo, wala sikusumbuka kufikiri. Kwa nini nisiamini? Mimi mwenyewe nilikuwa nimechanjwa chale kifuani, nikatiwa dawa ya kuvuta watu, kama manju wote. Kama yangu inavuta watu, yake kwa nini isivute sauti? Ndivyo nilivyopiga hesabu. Hapo ndipo nilipopelekwa kwa mtaalamu mmoja ng'ambo ya mto, akanifunika blanketi na chungu cha majani yanayofuka, akaniambia nivute ule moshi mpaka ndani, kwa sababu sauti imefungwa na moshi utaifungua. Nilivuta. Nilitoka pale machozi yanachuruzika, natapika, na watu wangu wakashangilia kwamba dawa inafanya kazi.

Mama Kwandu alikuwa ameshaokoka wakati huo, anasali kwenye kanisa letu dogo la mabati. Akaniambia, "Baba Kwandu, twende hospitali. Koo haliponi kwa moshi." Nikamjibu akaombe, mambo ya ngoma aniachie mimi. Na nikarudi tena kwenye blanketi, na tena.

Ikafika siku ya mashindano. Ndugu zangu, siku hiyo mpaka leo naiona nikifumba macho. Uwanja umejaa, njuga zinalia, vumbi limesimama hewani. Upande wangu watu walikuwa wengi, nadhani walikuja kuona kama kweli Bulugu amekwisha. Nikaanzisha. Ubeti wa kwanza ukatoka, umechanika lakini ukatoka, watu wakapiga vigelegele. Ubeti wa pili ukatoka. Nikafika pale wimbo unapopanda, pale ambapo nilikuwa nautupa juu na watu wote wananyamaza. Nikafungua mdomo, ikatoka hewa.

Nikajaribu tena. Hewa! Wachezaji wangu wakanitazama, wanangoja wapokee, na hapakuwa na kitu cha kupokea. Ngoma zikaendelea kupigwa kidogo, halafu zikachanganyikiwa. Akaondoka mtu mmoja, kijana wa kofia nyekundu, namkumbuka. Halafu akina mama waliokuwa wamekaa chini wakainuka, wakajikung'uta. Halafu wote. Sikusikia mtu akinizomea, nilitamani hata wanizomee. Nilisikia miguu tu. Miguu, miguu, inakwenda kwa Nkwabi, na vumbi lao likanipita usoni.

Pale palipokuwa na duara la watu wangu yalibaki maganda ya miwa. Na alibaki mtu mmoja. Mama Kwandu. Tangu aokoke alikuwa hakanyagi ngomani, lakini siku hiyo alikuwa amekuja, amesimama peke yake kwenye uwanja mtupu, mikono ameifunga tumboni, ananitazama. Wengine mtasema huo ni upendo. Mimi nilimchukia! Nilimchukia kwa sababu aliona.

Kule upande wa pili, Nkwabi akanyoosha mkono, akasimamisha ngoma yake. Watu wote anao, ushindi anao, akanyamazisha kundi lake. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona manju akifanya hivyo. Nikajua ananicheka. Nikavua njuga zangu palepale, nikaziacha chini, nikaondoka.

Baada ya hapo nikaanza kutema damu. Mama Kwandu hakuniuliza tena, alinipakia kwenye gari akanileta huku mjini, kwenye hospitali kubwa. Wakaniingiza mpira wenye taa kooni, wakaona uvimbe. Nikapasuliwa. Nilipozinduka daktari, kijana mwenye adabu sana, aliinama akaniambia, "Mzee wangu, uhai tumeuokoa. Sauti hatukuweza. Ungekuja mapema ingekuwa habari nyingine." Akaniuliza kama navuta sigara. Nikatikisa kichwa. Habari za blanketi sikumwandikia.

Ndugu zangu, mtu anaweza kurudi nyumbani akiwa hai na asifurahi. Mimi nilirudi hivyo. Hamjui mtu asiye na sauti anavyoishi kijijini. Ng'ombe wanaingia kwenye shamba la jirani unawaona, huwezi kuwaita. Mtu anakusalimia shikamoo kutoka barabarani, unamjibu, hasikii, anaondoka anasema Bulugu ana majivuno mpaka leo. Nyumbani nilipewa mfuniko wa sufuria na mwiko, nikitaka kitu nigonge. Manju wa Wagalu! Mtu aliyetuliza fahali! Nagonga mfuniko ili niletewe maji ya kunywa.

Kundi langu lilikuja kuniona mara moja. Wakakaa, wakanywa uji, wakazungumza wao kwa wao. Walipotoka walichukua ngoma zilizokuwa zimetunzwa kwangu, wakasema wanakwenda kuziwamba upya. Hawakuzirudisha. Siwalaumu. Ngoma inataka mtu wa kuimba.

Wapendwa wa kanisani nao walikuja. Waliniombea kwa nguvu, wakaniambia nifungue mdomo nipaze sauti kwa imani. Nikafungua. Nilitaka kweli iwe, ndugu zangu, nilikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama na mshono ukauma. Ikatoka hewa, ileile. Wakaomba tena. Hewa. Wakaondoka macho chini, na mmoja wao nikamsikia nje anasema, "Huyu hana imani." Mtu akikuombea halafu akakulaumu kwa sababu hujapona, ni heri angepita zake. Nasema hivyo humu kanisani nikijua nasemea wapi.

Lakini hayo yote yalikuwa madogo. Kitu kilichoniua ni nyimbo. Mawingu yalipoanza kujikusanya juu ya ziwa, joto lile la kabla ya mvua, nyimbo zikaanza kuja! Zilikuwa zimezoea. Miaka yote majira hayo ndiyo zilikuwa zinakuja, nani angeziambia kwamba mwenye nyumba amekufa? Nilikuwa nimekaa kizingitini, wimbo unakuja mzima, na kiitikio chake, na mahali pa kupandia, unafika kooni unakwama. Mwingine unakuja nyuma yake. Nilikuwa naziba masikio kama mwehu, na kelele ziko ndani. Nilimwomba Mungu, ambaye sikuwa nasalimiana naye, nisiamke kesho. Nikaamka. Nikaomba tena, nikaamka tena. Mtu asikuambie kwamba maombi yote yanajibiwa, na ashukuriwe Mungu kwamba hayajibiwi yote.

Mvua zikashuka. Majirani wakaingia mashambani. Mimi jembe langu nilikuwa nimelichomeka darini na sikulishusha. Nguvu nilikuwa nazo, tatizo lilikuwa kwamba kulima na kutunga kwangu ni kitu kimoja. Nikipiga jembe, wimbo unatoka. Nikasema bora shamba lisilimwe. Mama Kwandu akawa anaamka anakwenda kulima kipande chake peke yake, mimi namtazama kutoka mlangoni, na majani yanapanda. Kipande kile kisingetulisha hata nusu ya mwaka. Alijua, nami nilijua. Jioni moja aliweka jembe lake chini mbele yangu, akasema, "Baba Kwandu, mimi nimechoka. Nilidhani nitaweza kukubeba na wewe na shamba. Siwezi." Hakulia. Aliingia ndani akawasha moto. Ndugu zangu, alikuwa na haki ya kuniacha. Kama angefunga mizigo yake asubuhi iliyofuata ningeelewa.

Asubuhi hiyohiyo tukasikia njuga.

Nikatoka. Nikaona watu wanakuja kwa mstari kutoka njia ya ziwani, majembe begani, njuga miguuni, ngoma imefunikwa nailoni isilowe. Mbele yao Nkwabi. Kundi zima la Wagika! Kwetu kundi la ngoma linaweza kumlimia mtu, wanapanga safu, majembe yanapanda na kushuka pamoja kwa wimbo. Lakini kundi linamlimia mtu wake. Wagika kuja kwa manju wa Wagalu, hiyo haipo. Nikasema wamekuja kunimalizia. Nikaokota mfuniko wangu na mwiko, sijui nilitaka kufanya nini navyo.

Wakajipanga kwenye ukingo wa shamba langu. Wakainua majembe juu. Halafu wakatulia. Mvua inanyunya, majembe yako juu, hakuna anayeimba. Nkwabi akanijia, akavua kofia, akasema, "Shamba la manju anaanzisha manju mwenyewe. Tunakusubiri."

Ni kweli, ndivyo desturi ilivyo. Kwenye shamba la manju, mwenyewe akiwepo, mwingine haanzishi. Nikamwonyesha koo langu, hili kovu mnaloliona. Akasema, "Najua. Tunasubiri." Akarudi kwenye safu, akainua jembe lake na yeye.

Nilimchukia kuliko siku zote! Nilisimama pale natetemeka. Na wao walikuwa wanatetemeka, kwa sababu majembe yetu ni mazito na mikono haiwezi kukaa juu muda mrefu. Niliona mama mmoja mtu mzima katika ile safu, mikono inamcheza, maji ya mvua yanamwingia kwenye mikono ya gauni, na hashushi. Hakuna aliyeshusha. Walikuwa wanangoja kupokea. Tangu siku ya uwanjani hakuna mtu aliyekuwa amengoja kitu kutoka kwangu.

Ndipo nikasema. Sikumwambia Nkwabi wala wao. Nilitazama chini nikamnong'oneza Mungu, kwa hasira, maneno ya wimbo uliokuwa umenikwama: "Mlango umeufunga, mimi nitokee wapi?"

Mama Kwandu alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Akasikia. Na yeye, ndugu zangu, nasema mbele yake, hajui kuimba, hata kwaya ilimwomba akae kwenye usafi! Lakini alipaza ile sauti yake, akalitupa lile neno shambani: "Mlango umeufunga, mimi nitokee wapi?"

Na Wagika wakapokea. "Nitokee wapi!" Majembe yakashuka yote kwa pamoja, nikasikia ardhi ya shamba langu inatikisika kwenye nyayo zangu. Yakapanda. Wananingoja tena. Nikanong'ona neno la pili, Mama Kwandu akalitupa, wakapokea, majembe yakashuka. Nikapiga magoti kwenye tope. Mama Kwandu akapiga magoti na yeye ili sikio lake lifike mdomoni kwangu. Tulikwenda hivyo, wao wanalima, sisi tunatambaa pembeni ya safu kama watoto, mimi nanong'ona, yeye anatupa, na nyimbo zote zilizokuwa zimenisonga zikatoka. Zilitoka, ndugu zangu! Hazikutokea mlangoni kwangu, lakini zilitoka! Nililia mpaka nikashindwa kunong'ona, na wakangoja na majembe juu mpaka nikaweza.

Kabla ya mchana shamba lilikuwa limelimwa lote. Tukawapa uji, ndicho kitu tulichokuwa nacho. Nikamuuliza Nkwabi, kwa kinywa cha Mama Kwandu, siku ile uwanjani alisimamisha ngoma ili anicheke? Akasema, "Miaka yote nimetunga ili nikushinde wewe. Ukinyamaza wewe, mimi namwimbia nani?" Akamaliza uji wake, akavaa kofia, wakaondoka.

Niliokoka siku hiyo, kwenye matuta, kabla sijafika kanisani. Jumapili nilipokwenda kwenye lile kanisa la mabati nilikwenda kutoa taarifa tu. Na Nkwabi mpaka leo hajaokoka. Namwombea. Lakini nawaambia ukweli, Mungu alipotaka kunitoa kule nilikokuwa, alikuwa na wapendwa wengi karibu, na akamtuma yule.

Sasa najua wengine mnangoja niseme kwamba baada ya hapo sauti ilirudi. Bwana hakunirudishia sauti. Nimekuja kushuhudia, sikuja kuwadanganya. Bado narudi hospitali kutazamwa koo, na kila nikirudi naogopa, kwa sababu kitu kile kinaweza kuota tena na daktari hajanificha. Sijui kama mvua zijazo zitanikuta. Kiangazi kikifika na ngoma zikaanza kulia upande wa pili, nakwenda kukaa kwenye mawe ufukweni nalia kama nimefiwa, kwa sababu nimefiwa. Chale zangu bado ziko kifuani, hazifutiki. Kuna asubuhi naamka nasahau, nafungua mdomo kumwita mtoto, na inatoka hewa, na siku yote inaharibika.

Lakini silali tena nikiomba nisiamke. Hicho ndicho alichoniondolea. Mvua zikianza nashusha jembe, nalima, natunga, na Mama Kwandu yuko ubavuni. Asante Yesu kwa mama huyu, aliyebaki kwenye uwanja mtupu. Asante kwa mikono ya yule mama mtu mzima, ambaye hata jina lake sikuwahi kulijua.

Ndugu yangu uliye humu, labda kuna kitu chako kimeondoka. Mguu, mtoto, kazi, ndoa, mimi sijui. Na umekaa kizingitini, unasema kikirudi nitamrudia Mungu. Usingoje kirudi. Huenda hakirudi. Njoo na hicho kilichobaki, hata kama ni hewa tu, na kama una hasira njoo nayo, mimi nilikuja na yangu. Mbele hapa kuna nafasi, nimewaambia tangu mwanzo.

Nilikuwa nimetunga neno jipya kwa ajili yenu, nikilima juzi. Mimi nitanong'ona, mke wangu atalitupa, nyinyi mtapokea. Si lazima muwe waimbaji. Naomba kitu kimoja tu, ndugu zangu: wimbo ukifika pale unapopanda, msiondoke.

Haya. Mama Kwandu, lete sikio.